Tulishuka chini na watu wa nguo nyeusi

Mama mmoja wa Likasi, mjane wa mfanyakazi wa zamani wa migodi ya Kambove, alikuja kutuona siku moja na simu mkononi. Tulimpa kiti, hakukitaka. Alifungua picha, akaisogeza mpaka karibu na macho yetu: «Muangalie uyu. Njo mutoto wangu, ao hapana?»

Alikuwa mtoto wake kweli, yule wa kwanza, aliyeondoka Likasi miaka 12 iliyopita na ambaye sasa anafanya kazi ya kupanga vifurushi katika depo moja kubwa kule Leipzig, Ujerumani. Katika picha alivaa koti refu jeusi na kofia ndefu nyeusi kama ya wazungu wa zamani. Uso alikuwa ameupaka unga mweupe, na kuzunguka macho rangi nyeusi kama makaa. Nyuma yake watu kumi hivi, wote vile vile. Chini ya picha aliandika kwa Kifaransa kwamba ametoka kwenye konseri nzuri kupita zote. Pasta wa kartiye aliiangalia, akasema kijana amekwisha kuingia katika kundi la shetani. Majirani nao walikuwa na maneno yao.

Mama hakulia. Alituambia tu: «Miye nilishapoteza moya. Uyu sitaki kumupoteza na yeye angali muzima. Minyi munaendaka ku Ulaya. Muende muangalie na macho yenu, kisha murudie muniambie.»

Wasomaji wetu wa Kolwezi, Kipushi, Kambove na Fungurume wanaelewa mara moja «nilishapoteza moya» ni nini. Mdogo wa kijana huyu alikuwa creuseur. Miaka mitatu iliyopita, katika mwezi wa mvua, shimo liliwaangukia karibu na Kolwezi. Watatu walitolewa. Yeye na mwenzake, hapana. Mwili haukuonekana mpaka leo. Kilio kilifanywa na picha yake juu ya meza, na watu waliokuja kutoa pole hawakujua waangalie upande gani. Mkubwa wake hakufika. Karatasi zake za kukaa Ujerumani zilikuwa bado ofisini, na kama angetoka asingeweza kurudi. Alituma franga za kilio, ndivyo hivyo tu.

Basi tulipopata safari ya Ujerumani kwa kazi nyingine, tulipanga siku zetu ziangukie Pentekoste. Ni siku hizo ndipo watu wa nguo nyeusi wanakutana Leipzig.

Muji unaojaa weusi

Leipzig ni muji wa jimbo la Saksoni, katika ile Ujerumani ya mashariki iliyokuwa chini ya serikali ya kikomunisti. Kila mwaka, kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu ya Pentekoste, wanafika pale watu karibu 20.000 kutoka nchi nyingi. Mkutano unaitwa Wave-Gotik-Treffen. Ulianza mwaka 1992 na watu wapatao 2.000. Mbele ya hapo, wakati ukuta wa Berlin ungali umesimama, vijana wa namna hii walikuwa wakifuatwafuatwa na polisi ya siri. Watu waliwaita Grufti, jina linalotoka kwenye neno la Kijerumani la kaburi la ndani. Mwaka 1988 walijaribu kukutana Potsdam, lakini wakubwa wa wakati ule hawakutaka.

Mwaka 2000 ulitokea mambo ambayo nyinyi mnaosoma mtayaelewa kuliko watu wa Ulaya wenyewe. Katikati ya mkutano franga ziliisha. Watengenezaji walikuwa wamefilisika, na watu wa ulinzi na wa mitambo wakaanza kuondoka. Kwetu tunajua namna kampuni inavyofunga mlango na mshahara wa miezi ungali ndani. Pale Leipzig wanamuziki wengi walipanda jukwaani wakapiga bila malipo, na wasikilizaji wakashika wenyewe kazi zilizoachwa. Mwaka uliofuata mkutano ulifanyika tena.

Kijana wetu alitungoja kwenye gare, amevaa sawasawa na kwenye picha. Tulisimama kidogo. Kusema kweli moyo ulitupiga. Yeye akacheka: «Yaya, musiogope, njo miye.» Kwa sauti tulimjua, ni sauti ya baba yake.

Katika tramu sisi ndio tulioonekana wageni, na koti letu la kijani. Wote walikuwa weusi: wanaume wa ndevu katika makoti ya velou, wasichana wenye mwavuli wa dantela, mzee mmoja aliyevaa kama askari wa karne iliyopita, na mdomo mwekundu. Lakini wenyeji wa Leipzig, wale wa vikapu vya soko, hawakuwatazama hata mara mbili. Bibi mmoja alimsaidia mwanamke wa gauni refu kupandisha gari la mtoto. Gari lenyewe jeusi, mtoto ndani naye amevaa nyeusi, anakula biskwi. Bibi akamshika shavu, akashuka steshen iliyofuata. Tuliiandika hii katika kitabu chetu juu ya mama.

Baba na mama wa muziki huu

Tunajua mtauliza: ni muziki gani? Una wazazi wawili.

Baba ni ule wanaouita gotiki. Ulitoka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1979 kundi la Bauhaus, la muji wa Northampton, lilitoa wimbo unaopita dakika tisa juu ya kifo cha mwigizaji wa zamani wa sinema za wanyonya damu. Kisha wakaja Siouxsie and the Banshees, The Cure, na The Sisters of Mercy wa Leeds. Gitari ya besi inatembea mbele, ngoma inapiga bila kuchoka kama mashine ya kuvunja mawe, na sauti ya mwimbaji inatoka chini kabisa, kama mtu anaita kutoka ndani ya kisima. Leeds iko Yorkshire, inchi ya makaa ya mawe, ambako wachimbaji waligoma mwaka mzima, 1984 mpaka 1985, na wakashindwa. Hatusemi muziki huu ulitoka mgodini. Haukutoka. Lakini uliota katika miji ambamo viwanda vilikuwa vinafungwa na vijana walikaa nyumbani wakiangalia dirisha.

Mama wa muziki ni kabare, na huyu ni mzee zaidi. Mwaka 1881 Rodolphe Salis alifungua Paris nyumba iliyoitwa Le Chat Noir, Paka Mweusi, ambamo watu walikunywa huku washairi na waimbaji wakiwachekesha na kuwachoma. Kutoka hapo desturi ikafika Berlin, na kisha ya vita ya kwanza, wakati askari waliokatika miguu walikuwa wanaomba barabarani na mkate ulinunuliwa na franga za kujaza kikapu, kabare ikawa kali. Mwimbaji alijipaka unga, akaimba juu ya mwizi, mwanamke wa barabara, mtu aliyenyongwa, hakimu mlevi. Watu walicheka, kisha wakakumbuka kwamba ni wao wanaochekwa.

Katika hiyo hali mtungaji Kurt Weill na mwandishi Bertolt Brecht walitoa opera zao. Moja ilionyeshwa mara ya kwanza hapa hapa Leipzig, tarehe 9 mwezi wa tatu 1930. Inaitwa «Kuinuka na Kuanguka kwa Muji wa Mahagonny», na tunaomba ruhusa tukae nayo kidogo, maana kijana wetu alipotuhadithia tulisema: lakini huyu Brecht alipita Kolwezi!

Watu watatu wanaokimbia polisi gari yao inakufa jangwani. Wanasema: kuchimba dhahabu ni kazi ngumu, lakini kutoa dhahabu katika mifuko ya wanaoichimba ni kazi nyepesi. Wanajenga muji pale pale: pombe, wanawake, michezo ya franga, ngumi. Watu wanakuja kutoka kila upande na akiba zao. Anafika mtu mmoja, Jim, aliyekata miti miaka saba katika baridi ya Alaska. Anakula franga zake na marafiki. Siku moja anawanunulia wote whisky, na franga zimeisha. Mahakama inakaa. Aliyeua mtu anatoa rushwa, anaachiliwa. Jim aliyeshindwa kulipa whisky anahukumiwa kufa, maana katika muji ule kukosa franga ndiyo dhambi inayopita zote. Marafiki wanampenda sana, lakini kumkopesha, hapana.

Usiku ule wa 1930 watu wa Hitler walifanya fujo ndani ya teatri ya Leipzig. Miaka mitatu baadaye walichukua serikali, na Weill na Brecht walikimbia inchi, wote wawili katika mwaka ule wa 1933.

Watoto wa baba na mama hao wawili ndio wanaitwa kabare nyeusi. Waingereza The Tiger Lillies walianza London mwaka 1989: mwimbaji wao Martyn Jacques anapiga akordeo na anaimba na sauti nyembamba ya juu, uso umepakwa kama wa mchekeshaji aliyelia. The Dresden Dolls walianza Boston, Marekani, mwaka 2000, watu wawili tu, Amanda Palmer kwenye piano na Brian Viglione kwenye ngoma. Dresden ni muji jirani wa Leipzig, lakini hao ni Wamarekani tupu. Mambo ya majina.

Akordeo na uso wa kuchekesha, hayo si mageni kwetu. Wazee wa Lubumbashi wanakumbuka JECOKE, vijana wachekeshaji wa komine ya Kenya, ambamo alitoka Édouard Masengo na gitari yake. Nao walivaa, wakaigiza, wakacheka wakubwa kwa werevu.

Kobalti ina jina la nani?

Mbele ya konseri kijana alitupeleka kuona maji. Kusini ya Leipzig kuna ziwa linaloitwa Cospuden. Watu wanaogelea, mashua zinapita, mchanga mweupe. Kijana akasema: «Apa ilikuwa kariere.» Kweli ilikuwa mgodi wa wazi wa makaa. Cospuden lilikuwa jina la kijiji. Kijiji kilivunjwa juu ya makaa, mgodi ukafungwa, shimo likajazwa maji, na mwaka 2000 watu wakaruhusiwa kuogelea. Vijiji vingi vya upande ule vilipotea namna hiyo. Tulisimama pale tukifikiri kartiye za Kolwezi ambazo nyumba zake zimepasuka na watu wanangoja kuhamishwa, na tukajiuliza kama siku moja wajukuu wao wataogelea. Hatukupata jibu, tukanunua samaki wa kukaanga.

Mbali zaidi, kusini, kwenye mpaka na Ucheki, kuna milima inayoitwa Erzgebirge, maana yake Milima ya Mawe ya Madini. Watu walichimba fedha kule tangu zamani sana. Katika mashimo yao walikuta jiwe lililofanana na jiwe la fedha, lakini wakilitia motoni fedha haitoki, unatoka moshi wa arseniki unaoua. Wachimbaji walisema kuna pepo mdogo wa chini ya udongo, jina lake Kobold, anayeiba fedha na kuacha uchafu wake. Jiwe likapewa jina la pepo. Katika miaka ya 1730 Msweden Georg Brandt alionyesha kwamba ndani ya jiwe lile kuna madini mapya, na jina likabaki: kobalti. Ndiyo ile ile mnayobeba kwenye magunia.

Pepo wa mashimo basi hawakutoka Katanga tu. Kwetu mzee anasema mlima uko na mwenyewe, usichimbe bila kumwomba. Mjerumani Georgius Agricola, daktari wa miji ya wachimbaji, aliandika mambo ya pepo wa migodi katika miaka ya 1500, na alikuwa mtu wa elimu. Kisha ya vita ya pili Warusi walichimba uraniumu katika milima hiyo hiyo. Ya Shinkolobwe, hapo karibu na Likasi, Wamarekani walikuwa wamekwisha kuichukua. Na mpaka leo, wakati wa Noeli, wachimbaji wa zamani wa Saksoni wanapita barabarani na fanfare, wamevaa uniformu zao za sherehe, nyeusi. Salamu yao ni «Glück auf», ya kumtakia mtu heri chini na arudi juu. Nyeusi katika inchi ile ni rangi ya wachimbaji mbele ya kuwa rangi ya watu wa gotiki.

Chini

Konseri ilikuwa Moritzbastei. Ni ngome ya zamani, imejengwa kati ya 1551 na 1554, sehemu kubwa iko chini ya udongo. Juu yake baadaye ilijengwa shule. Mabomu ya 1943 yaliivunja, na vifusi vikajaza vyumba vya chini. Vikabaki hivyo miaka 30. Kuanzia 1974 mpaka 1982 wanafunzi wa universite walivichimbua na majembe, beleshi na magari ya mkono, mita za ujazo karibu 40.000, kusudi wapate fasi ya kucheza muziki. Mmoja wa waliobeba udongo alikuwa msichana aliyesoma fizikia, Angela Merkel. Baadaye alitawala Ujerumani miaka 16.

Kwenye mlango kijana alisimama, akanyosha mkono, akagonga jiwe la juu mara tatu na sikio karibu. Watu nyuma yetu wakangoja. «Papa alituambiaka: mbele ya kuingia, gonga plafon, usikie inasema nini.» Alisema kama mchezo. Kisha tukashuka.

Vyumba ni vya matofali, dari imepindika kama ndani ya mtungi, jasho linateremka ukutani. Jukwaa lenyewe dogo, mita nne hivi. Watu mia mbili walibanana, na tunawaambia kweli, hakuna aliyetusukuma. Ukikanyaga gauni la mtu, yeye ndiye anaomba radhi.

Wakapanda watatu: mwanamke kwenye piano, mwanaume wa akordeo, na mzee mwembamba aliyekaa na msumeno. Msumeno wa mbao, wa kawaida. Aliukunja kati ya magoti, akaupitishia upinde wa violoni, na ukatoa sauti ya mwanamke anayelia mbali, upande mwingine wa mto. Nywele za mikono zilitusimama.

Waliimba kwa Kijerumani na Kiingereza, kijana akitutafsiria sikioni. Wimbo mmoja ni wa mchimba kaburi anayelalamikia malipo: wafu wanaongezeka, posho haiongezeki, na mteja hajawahi kumshukuru. Watu walicheka mpaka chozi. Mwingine ni wa mke anayeuza nguo za mumewe moja moja, akibakia na kiatu kimoja anachokataa kukiuza. Pale hakuna aliyecheka. Mwanamke wa piano alikuwa akibadilisha uso kwa mara moja, sasa mchekeshaji, sasa mjane, na hatukujua tena machozi yale yaliyochorwa shavuni ni rangi ao ni yenyewe.

Kisha akasimama, akasema kila mtu aliye na mfu wake amtaje jina, kwa sauti, tutamnywea. Mtu mmoja akataja. Mwingine. Majina yakaanza kutoka gizani, ya Kijerumani, ya Kipolandi, sijui ya wapi. Kila jina msumeno ulilia kidogo, na vikombe vikapanda.

Kijana wetu alinyamaza muda. Halafu akaita jina la mdogo wake. Hakulitaja, aliliita, kwa nguvu, kama unavyoita mtu aliye chini ya shimo. Jina zima, na la baba, na la kijiji. Watu waligeuka. Msumeno ulilia. Mia mbili za watu wasiojua Kolwezi iko wapi waliinua vikombe juu ya mtoto wa Likasi, na sisi na birauri yetu ya fanta tukainua.

Kundi la pili, la gotiki yenyewe, hatutaliandika mengi. Moshi mwingi, mashine ya ngoma, sauti iliyotupiga kifuani. Vijana walifurahi. Sisi baada ya nyimbo nne tulitafuta hewa.

Tuliyoyapenda na tusiyoyapenda

Mama alitutuma tuangalie, hatutaficha. Tuliona msalaba uliogeuzwa juu ya kifua cha wawili, watatu. Tulisikia mzaha mmoja juu ya padri ambao hatutaurudia mezani. Kuna waliovaa nguo ambazo hazikufunika kitu. Na ni mambo ya franga: tikiti ya siku nne inapita euro 100, bila kuhesabu koti na kofia.

Lakini tuliuliza watu. Mmoja alikuwa muuguzi wa hospitali, mwingine dereva wa basi, mwingine mwalimu wa hesabu. Mwalimu alituambia kesho yake asubuhi anaimba katika kora ya kanisa lake la Kilutheri, ni Pentekoste. Wengine hawaamini kitu. Waabudu shetani hatukukutana nao, na tuliwatafuta, maana ndiyo kazi tuliyopewa.

Kama kucheka mbele ya kifo ni dhambi, basi sisi tulikwisha kufanya siku nyingi. Wabemba wana bunungwe: kwenye kilio watani wa ukoo wanakuja, wanamwigiza marehemu, wanamtukana, wanadai madeni yake, mpaka mjane mwenyewe anacheka katikati ya machozi. Waluba wana kasala, na mwenye kuijua anaweza kumwita mfu na majina yake yote mpaka watu waangalie mlangoni. Kijana alikosa haya mawili. Hapo ndipo tulipoelewa kitu.

Tulikaa nje, saa saba ya usiku, ngazi za mawe zikiwa na baridi. Alitueleza: siku ile alipopata habari alikuwa kazini. Mkubwa wake alimpa pole, akampa siku mbili. Wenzake walimpa pole. Kisha ya juma moja hakuna aliyetaka kusikia tena. «Yaya, kule depo, ukisema ndugu yako alikufa, mutu anaangalia simu yake. Miye nilikuwa na kilio mu kifua, hakuna fasi ya kuiweka. Njo rafiki mumoja akanileta huku. Huku unaweza kusema kifo, mutu hakimbie.»

Tukamjibu kama wakubwa wake, maana ni haki yetu. Tulimwambia: ni vizuri. Lakini mama yako alifanya kilio peke yake na picha juu ya meza, na wewe ulimtumia uso wa unga bila neno hata moja. Ulifikiri ataona nini? Mwanamke ambaye mtoto wake hakuonekana mwili, anafungua simu, anakuta mwingine amepakwa kama maiti.

Hakujibu. Aliichukua kofia, akaizungusha kwenye magoti. Baadaye alisema hakufikiri hivyo. Akalala bila kunawa uso, na asubuhi, mbele ya sisi kuondoka, alitupa sauti aliyoirekodi kwenye simu, dakika kumi na moja, tumchezee mama. Alisema kwa simu hataweza, atalia, na mama ataogopa zaidi.

Ndani ya ile sauti kuna jina la mdogo wake na kelele za watu wanaoinua vikombe; alikuwa amerekodi usiku ule bila kutuambia. Mama aliisikiliza amesimama, hapa ofisini, sikio kwenye simu, mara mbili. Tulimweleza yote, na misalaba ile pia. Tulimweleza ngome, vifusi, wanafunzi, namna tulivyoshuka.

Alituuliza swali moja tu.

«Mule chini, kuko milango ngapi ya kutokea?»

Tukamwambia sisi wenyewe tuliona miwili, na taa ya kijani juu ya kila mmoja. Ndipo akachukua kiti.